Viatu Viwili Mwanzoni: Maisha ya Baba Yetu, Mkaguzi wa Santuri

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya kukodi, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, kazi ambayo mwenyewe angeikagua kwanza kabla ya kuniruhusu kufungua mdomo, maana alizoea kusema kwamba historia za marehemu ni kama yale maandishi ya nyuma ya jalada la santuri, yameandikwa na mtu anayetaka kitu kiuzike. Kwa hiyo nitajitahidi nisimuuze.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu kati ya watano, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi saa, ambaye ndiye babu yetu, na bibi yetu alikuwa mshonaji aliyeweka cherehani yake upande wa pili wa pazia, hivyo mtoto akakua katikati ya saa arobaini zisizokubaliana na cherehani moja isiyonyamaza. Babu alimfundisha kufumba macho na kutaja saa ipi inachechemea, na akiwa na miaka sita aliikataa saa ya mteja mbele ya mteja mwenyewe, akisema mashine ya ndani si ya kasha lile, na ikawa kweli, na mteja hakurudi tena. Babu alimpiga kofi kwa kumfukuzia mteja, kisha akampa peremende kwa kusema kweli, na Baba alituambia kwamba siku ile alijua ukweli huja na vyote viwili, ila kofi hutangulia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1954 hadi Novemba 1961, na sekondari kuanzia 1962 hadi 1965, ambako mwalimu wa muziki alikuwa na gramafoni moja na santuri nne, zote za watunzi waliokufa kabla hata babu zake babu yetu hawajazaliwa, na Baba alizisikiliza kwa mwezi mzima kabla ya kunyoosha mkono na kumweleza mwalimu, kwa heshima zote, kwamba gramafoni inakimbia na okestra nzima inalalamika. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha ufundi wa mitambo ya sauti, akatunukiwa cheti tarehe 29 Novemba 1968.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa na redio kama fundi mitambo msaidizi, na tarehe 1 Julai 1978 akapandishwa kuwa mkuu wa maktaba ya santuri, cheo alichokishika hadi kustaafu kwake tarehe 14 Machi 2002. Huko kazini ndiko alikopewa jina la Mkaguzi, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba hakukuwa na kikombe cha chai kilichoingia maktaba ile bila kuulizwa kimetoka wapi na kinakwenda wapi.

Wengi mlimjua kwa safu yake ya gazetini, iliyotoka kila Jumamosi kuanzia tarehe 3 Septemba 1988, akipima santuri mpya na za zamani zilizotolewa upya, na kuwaambia wasomaji zipi zinastahili kuwekwa ndani. Hukumu zake zilikuwa tatu tu, Nunua, Azima, na Mwachie Jirani, na hakuna aliyewahi kumhonga akafanikiwa, ingawa waliojaribu walikuwepo. Kuhusu toleo moja lililotangazwa kwamba sauti yake imesafishwa hadi kung'aa, aliandika kwamba kweli imesafishwa, kama mtu aliyeoga mpaka akaacha ngozi bafuni, na kwamba mwenye toleo la kwanza lenye mikwaruzo alishikilie kama cheti cha kuzaliwa. Kuhusu fidla moja iliyosifiwa na kila mtu, aliandika sentensi moja tu, kwamba mpigaji anajua kuwa ni mzuri na hilo ndilo tunalolisikia. Neno zito kwake lilikuwa Nunua, alilitoa kwa mwaka mara nne au tano hivi, na wapo watu hapa wenye kabati zilizojazwa na neno lile peke yake.

Alikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze, kwa kuwa yote yaliyotokea baadaye yametokana nayo. Hakusikiliza santuri mpya kwa mara ya kwanza akiwa analijua jina la mpigaji. Mmoja wetu alitangulia kufungua kifurushi kutoka gazetini, akaweka santuri kwenye mashine, akaligeuza jalada litazame ukuta, na Baba akaingia, akaketi na daftari magotini, kwa sababu, alisema, jicho ni joga, likiona jina kubwa huliambia sikio lipige magoti. Tulimcheka sana kwa hilo. Mama alikuwa akisema ndiyo maana alimwoa yeye, kwamba alimsikia kwanza, alipokuja kutazama alikuwa ameshachelewa.

Na kweli ilikuwa hivyo. Mama yetu alikuwa mwalimu wa piano, na alifika studio kurekodi sonata mbili kwa ajili ya kipindi ambacho hakikurushwa kamwe, kwa kuwa mkubwa wa wakati ule aliona hajulikani. Mama alikuwa na vidole vya miguu visivyopatana na viatu, hawezi kukanyaga pedali akiwa amevivaa, kwa hiyo kila alipoketi kwenye piano alivisukuma vikaanguka, puu, halafu puu. Siku ile vilinaswa kwenye kanda, na fundi aliyekuwa zamu, ndiye Baba, mtu ambaye angekata hata pumzi ya msikilizaji, aliandika kwenye daftari la studio maneno haya, ambayo hadi juzi nilikuwa sijawahi kuyaona: "Viatu viwili mwanzoni, cha kushoto kwanza. Visikatwe." Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1977 na mdogo wangu, fundi umeme, mwaka 1981.

Mwaka 1991 redio iliamua kusafisha stoo, na kanda za zamani zikaondolewa kwa gari, ya Mama ikiwemo. Mtunza stoo wa wakati ule ndiye rafiki yake Baba ambaye baadaye alifungua duka la santuri za zamani, na ambaye sote tunamwita Bwana Jalada, kwa kuwa hakuna anayejua kama yeye thamani ya jalada lisilokunjika pembe. Yeye ndiye aliyekuja nyumbani kutupa habari kwamba kanda zilikuwa zimeota ukungu na zimechomwa moto zote, akasikitika, akanywa chai, na Baba akamfariji. Bwana Jalada yupo nasi leo, safu ya pili, na tunamshukuru kwa kufika. Baba alishuku posta, benki, wauza nyanya na mimi, lakini huyu hakumshuku kwa miaka thelathini na zaidi, kwa hoja kwamba mtu mwenye sikio zuri namna ile hawezi kuwa mwongo. Kila mtu ana kosa lake, na hilo lilikuwa lake.

Mama alitutoka tarehe 2 Mei 2011. Baba aliendelea na safu yake, na tangu Januari 2022 alipoanza kusumbuliwa na figo, alikwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwa amevaa visikizi masikioni, akiandika, huku akishuku kwamba mashine ya kitanda cha pembeni inaimba nusu sauti chini ya yake.

Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, mdogo wangu alifungua kifurushi kama kawaida, akaweka santuri, akageuza jalada. Kabla piano haijaanza, Baba aliinua mkono akataka sindano irudishwe mwanzo, ikarudishwa, akataka tena, mara tatu, kisha akasema, bila kugeuka, "Huyo ni mama yenu."

Jalada lilipogeuzwa lilisema mengine. Lilisema kwamba hizi ni kanda zilizopotea za mpiga piano mmoja wa mbali, aliyeishi kama mtawa na hakuwahi kukubali kupigwa picha, mwaka wa kurekodiwa haujulikani, na kijitabu cha ndani kilimshukuru mkusanyaji mmoja, asiyetajwa jina, kwa kuzihifadhi. Kuhusu ile mishindo miwili mwanzoni, profesa mmoja aliandika kurasa mbili nzima, kwamba hiyo ni ishara ya kiroho, msanii anaipigia ardhi hodi kabla ya kuuamsha muziki. Mimi nimefundisha chuo kikuu miaka kumi na tisa, nawajua watu wa namna hiyo, wengine nimewasahihishia mitihani.

Lakini sikumwamini Baba, na hili nalisema mbele yenu kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilimwambia daktari pembeni kwamba labda dawa zinamchanganya, kwamba mgane wa miaka kumi na miwili anaweza kumsikia mkewe hata kwenye birika. Baba aliniomba jambo moja tu, niketi nikitazama ukuta kwa dakika nane, ndio urefu wa sehemu ya kwanza, na mimi nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Aliniomba tena Desemba, na tena Pasaka. Ana shahada tatu binti yake, na dakika nane alizikosa.

Alilolitaka lilikuwa dogo, kwamba jina la Mama liandikwe pale alipopiga. Aliandika safu, mhariri akamjibu kwa adabu kwamba bila ushahidi haiwezi kutoka. Ushahidi ulikuwa lile daftari la studio, ambalo Baba alilichukua alipostaafu, na hapa mtanisamehe nikicheka, kwa kuwa alilificha kwa kuhofia wezi, akalificha vizuri mno, akasahau alikolificha. Tulipekua nyumba mara nne. Bwana Jalada alikuwa akija kumjulia hali na matunda, akiuliza kama vifurushi vya gazeti bado vinafika, na kama Mkaguzi bado anaandika.

Tarehe 30 Agosti 2024, wodini, Baba aliniita karibu, akaniambia kwamba kanda ile, popote ilipo, imo ndani ya boksi lililoandikwa tarehe kwa mwandiko wake. Kampuni iliyotoa santuri haikuujua mwaka, gazeti haliujui, watoto hatukuujua. Nilimuuliza kama kuna mtu anayemshuku, akasema anawashuku watu wote, kisha akaongeza, "Ni daftari la sabini na nne. Wewe usilitaje. Atakayeutaja mwaka, huyo ndiye."

Baba yetu alifariki Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Jumanne mchana, watu wakiwa wametapakaa uani, Bwana Jalada alinivuta kando kwa upole, akanipa pole, akasema anajua tuna mambo mengi na angependa kutusaidia kupanga vitu vya rafiki yake. "Santuri bakini nazo, binti yangu," akaniambia. "Mimi nipeni yale makaratasi yasiyo na faida tu, lile daftari la sabini na nne na mengineyo, niwapunguzie vumbi." Nilimwambia asante baba mdogo, nitaangalia.

Nikaenda kuangalia. Nilijiuliza mtu kama Baba angeficha wapi kitu kisichotakiwa kuibwa, na jibu lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote, rafu ya chini kabisa, ya Mwachie Jirani, ambayo hakuna mwizi mwenye sikio angeigusa. Mdogo wangu alizinyanyua moja moja, na ya kumi na moja, tarumbeta za Krismasi zilizotolewa upya kwa mara ya tatu, ilikuwa nzito kuliko wenzake. Daftari lilikuwa ndani ya jalada lake. Tarehe 11 Juni 1974, jina la Mama kamili, sonata mbili, saini ya fundi, na viatu.

Ndipo nikaketi, nikatazama ukuta, dakika nane. Haikuhitaji nane. Nimelala na kuamka utoto wangu wote kwa mishindo ile miwili.

Mimi simtuhumu mtu, msiba si mahakama, nimesoma tu tarehe kama zilivyo. Nakala ya ukurasa ule imeshafika kwa mhariri, ambaye ameahidi kwa maandishi kwamba safu ya mwisho ya Mkaguzi itatoka Jumamosi hii kama alivyoiandika, na nyingine imekwenda kwa kampuni, pamoja na swali moja, kwamba mkusanyaji wao anaitwa nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliovumilia kukaguliwa na mgonjwa wao kwa miaka miwili na nusu, majirani waliosikiliza santuri zake kupitia ukuta bila kulalamika, na waliolalamika kwa sauti ya wastani, wafanyakazi wenzake wa redio, na gazeti. Tunakushukuru wewe pia, Bwana Jalada, kwa matunda, na kwa kuutaja mwaka. Naona umeshasimama. Kaa kidogo, baba mdogo, ni dakika nane tu.

Mdogo wangu ameshaandaa mashine hapo pembeni, jalada nimeligeuza mwenyewe, na naomba tusikilize alivyotufundisha, bila kutazama. Mtasikia viatu, cha kushoto kwanza, na baada ya hapo ni Mama. Hukumu yake iko kwenye safu, neno moja, na wenye kabati wanalijua.

Baba, ulikuwa umesikia sawasawa. Pumzika kwa amani, na hiyo amani usiikague, ni toleo la kwanza.