Historia ya Ndugu Yangu Aliyengoja Toleo la Pili

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imenikabidhi kazi hii kwa sababu wifi yangu sauti imemkauka, na mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye ndiye angesimama hapa, amekataa, kama anavyokataa tangu Alhamisi kutolewa uvimbe wa aina ileile iliyomuua baba yake. Nimelisema mapema ili mjue nasoma kwa ajili ya nani. Ninyi wengine mtasikiliza tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshona mapazia, alichelewa wiki mbili, na mama alikuwa akisema huyu alitoka kwa kubembelezwa. Alianza shule ya msingi Januari 1965, shule iliyokuwa nyuma ya stesheni, na huko ndiko treni zilikomwingia kichwani, kisha akasoma sekondari ya ufundi hadi Novemba 1977, akawa wa kwanza katika kuchora na wa mwisho katika kukabidhi kazi.

Aliajiriwa tarehe 2 Mei 1979 kuwa mkaguzi wa lifti, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2018 bila lawama, maana lifti ikitiliwa shaka hufungwa, watu wakapanda ngazi huku wakisonya, na kwa kufunga ndugu yangu hakuwa na mpinzani. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1987, baada ya uchumba wa miaka saba, wifi akiwa ameshachoka kuulizwa na rafiki zake kama huyo bwana yupo kweli, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1989 na wa kike mwaka 1992, wakahamia nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha watoto kikachukuliwa na meza.

Sasa hiyo meza. Ilijaza chumba ukuta kwa ukuta, ina reli, madaraja, stesheni yenye saa na taa, abiria wadogo kama njegere aliowapaka rangi mmoja mmoja, watoto wakalala sebuleni mpaka wakaota ndevu na matiti, na juu ya reli zile haikuwahi kupita treni hata moja. Msicheke, au chekeni, mimi nilishacheka nikachoka. Kila Januari, kampuni zilipotangaza matoleo mapya, yeye na wenzake wa chama cha treni ndogo, hao waliokaa upande wa kulia na beji zao, walijazana sebuleni roho juu, mwaka huu kitatoka kichwa cha treni kinachofuka moshi sambamba na magurudumu, mwaka huu kitatembea kwa betri, mwaka huu dereva atageuza shingo, halafu katalogi inafunguliwa, ni kichwa kilekile cha mwaka juzi, kimepakwa kijani. Na kilipotoka kipya kweli, chenye moshi na mlio wake, wakakumbushana kwamba toleo la kwanza halinunuliwi, gia zake hupasuka, waacheni wengine wanunue, kasoro zijulikane, sisi tungoje la pili. La pili likija, kimeshatangazwa kingine. Binti yake alipokuwa na miaka tisa alimletea zawadi ya kichwa chekundu cha plastiki, akakiweka relini mwenyewe, uso mzima ni meno, baba akakinyanyua kwa vidole viwili, akasema magurudumu hayalingani na kipimo cha reli, akakirudisha kwenye boksi. Binti huyo yuko pale, ni mtu mzima, na chumba kile hajawahi kukiingia tena.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi Juni 2021, na tarehe 11 Oktoba daktari wa upasuaji akamwambia ana uvimbe kwenye utumbo mpana, bado mdogo, unatolewa. Akaelezwa habari ya kupasuliwa tumbo, akasema hiyo ni njia ya kizamani, amesikia mashine inayopitia tundu dogo iko njiani. Mashine ikafika Machi 2022, daktari akampigia simu mwenyewe, na marehemu, jikoni kwake, mbele yangu na mkewe, akajibu kwamba ndiyo kwanza imefika, waanze na wengine, kasoro zijulikane. Wifi alipiga magoti. Mwenyekiti wa chama, aliyekuja kumjulia hali, akasema mzee ana hoja, na wewe mwenyekiti usiangalie viatu, nakusema wewe. Mmoja wa hao wengine waliotangulia kwenye mashine ile ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, amekuja leo kwa miguu yake, na viti mlivyokalia kavibeba yeye. Marehemu alipokubali, mwezi Septemba, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Alifariki tarehe 3 Novemba 2022, saa nane mchana, katika maumivu ambayo dawa hazikuyaweza, na asubuhi ile hakuuliza habari za treni, aliniuliza kama bado wanaweza kumpasua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliosema ukweli mapema kwa mtu asiyeambilika, inawashukuru majirani, waliompikia mgonjwa na kufua mashuka yake, na wakaguzi wenzake, ambao hawakukosa zamu hospitalini. Wanachama wa chama, mmeleta shada la maua lenye umbo la kichwa cha treni, asanteni, mkiondoka ondokeni nalo.

Mwanangu, shangazi yako anakuona. Daktari alisema ugonjwa huu unatembea katika damu ya ukoo, mkapimwa nyote wawili, dada yako hana, wewe unao uvimbe, mdogo kama harage, na Alhamisi ukatuambia umesoma mahali kwamba mwakani kutatoka dawa ya kumeza, utangoja. Daktari amekaa nyuma, karibu na mlango, amekuwekea nafasi Jumatatu asubuhi. Wabebaji wa jeneza nimewaambia wakae, na wamekaa.

Ndugu yangu, utapumzika kwa amani, hilo nakuahidi, ila bado hatujakubeba, tunamsikiliza mwanao.