Verlin Skogstad na Dubu wa Kitalu cha Tisa

Ijumaa tarehe 30 Juni, Verlin Skogstad atarudisha funguo za gari la kampuni baada ya miaka thelathini na minne katika msitu wetu. Nimeombwa kuandika machache juu yake. Nimeyahakiki mara tatu. Palipo na kosa, ni langu.

Alianza kama mpanda miche. Masika ya pili alikabidhiwa kazi iliyokimbiwa na wote: dubu weusi. Watokapo katika usingizi wao wa majira ya baridi, matunda ya porini bado hayajaiva. Basi dubu huchagua msonobari ulionawiri, akabandua gome kwa makucha, kisha akakwangua kwa meno utamu ulio chini yake. Gome likitoka pande zote, mti umekwisha.

Wengine walitaka bunduki. Verlin alitundika mapipa ya chakula kitamu. "Mwenye njaa humpigi risasi, unamwandalia meza," husema. Siku moja dubu aliliruka pipa akala sandwichi za Verlin zote. Mkewe, Lorna, humtania hadi leo: "Yule angalau alisifu mapishi yangu. Wewe je?"

Mei hii ndege ya ukaguzi ilihesabu miti 212 yenye vilele vyekundu katika Kitalu cha Tisa. Jedwali la ofisi likaiandika yote kuwa imemenywa na dubu masika haya. Meneja wetu, Bi Darlene Pruett, akaomba mwindaji aje Jumatatu. Kitaluni mle mlikuwa na dubu jike na watoto wawili.

Verlin aliingia ofisini na matope yake hadi magotini. "Binti yangu," aliniambia, "mti uliomenywa leo kilele chake bado kijani. Wekundu huo ni wa mwaka jana na mwaka juzi."

Jedwali lilikuwa langu.

Kwa siku tatu tulipita mti kwa mti. Mingi ilikuwa na majeraha ya zamani, utomvu umekauka. Mingine haikuwa na alama hata moja ya meno. Mizizi yake ilikuwa imeozeshwa na kuvu. Iliyomenywa masika haya ilikuwa sita.

"Verl, una hakika?" aliuliza Bi Pruett. "Nikikosea, makao makuu watanitafuna."

"Basi vaa buti, bosi, ukaguse mwenyewe."

Alivaa, akagusa, na Ijumaa jioni akaliondoa ombi. Jumatatu mwindaji hakuja. Jike yule alikuwa kwenye pipa, anakula, wanawe wakisukumana miguuni pake.

Kikaoni makao makuu waliuliza ni nani aliyeandika jedwali lile. Nilikuwa nimeshaanza kusimama. Verlin akajibu kabla yangu, "Tuliliandika sisi, na sisi tumelisahihisha," akaomba kahawa.

Asante, Verlin. Lala hadi saa mbili asubuhi, msifu Lorna mapishi yake, na maisha yakuendee vyema. Mapipa tutayajaza sisi.