Boti ya Shangazi Imegoma Saa Tatu

Benchi letu liko pale ngazi za gati zinapoanzia: ubao mmoja juu ya matofali, mmoja akikaa ncha hii wa ncha ile ananyanyuka. Asubuhi hiyo walikuwepo Breki, dereva mstaafu wa malori. Redio, fundi wa redio ambaye hajawahi kukiri kwamba kitu kimemshinda. Na Mvuke, muuza kahawa, mwenye birika la bati ambalo siku hizi mpini wake umezungushiwa kamba nyekundu lisimuunguze. Mimi wananiita Wakili, maana niko timu ya mdahalo chuoni na sikubali hoja bila ushahidi. Hatua kumi chini yetu shangazi yangu alikuwa amezamisha kichwa kwenye injini ya boti aliyoinunua kutoka hoteli ya watalii. Aliuza boti zake mbili kuukuu apate hii moja. Saa nne alitakiwa awe zahanati ya ng'ambo, wanakochagua boti ya kuvushia wajawazito, na anayechelewa hachaguliwi. Ilikuwa saa tatu.

Starta ikalia: nye-nye-nye-nye. Kisha kimya.

— Betri, — Redio akasema, wala hakugeuka.

— Betri mpya, — nikamjibu. — Na kama imekufa, starta inazungushwa na nani? Upepo?

— Mpya ndiyo mbaya, haijazoea watu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ya ngapi tangu iletwe?

— Ya sita.

— Unaona? Imekosa jembe.

Breki akapuliza kikombe chake.

— Nyie watoto. Hiyo imekunywa mafuta kupita kiasi. Lori langu lilikuwa na tabia hiyo hiyo mlimani. Unalifungua boneti, unaliacha lipumue, unakunywa kahawa yako. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!

— Mzee, methali hiyo inakuambia uharakishe.

— Inategemea mwana ni wa nani.

Nye-nye-nye.

— Mnapoteza muda, — Mvuke akasema. — Hii boti ina panga la kusukuma maji chini kama zingine? Haina. Inavuta maji tumboni, inayatema nyuma, ndiyo inakwenda. Sasa Jumamosi ilipokuja imevuta nini? Kambare. Yumo kwenye bomba, ametulia kama mpangaji.

— Kambare anazimaje cheche?

— Samaki mmoja akioza...

— Kwani ameoza?

— Anajiandaa.

Nikasimama. Ubao ukainuka, Redio nusura amwage kahawa.

— Jamani, mwenye boti yuko hapo! Ameendesha boti miaka kumi na tisa. Nani kati yenu amemuuliza hata swali moja? Angekuwa mwanamume mngeshashuka kumshikia spana!

Wakainamisha macho. Breki akavua kofia.

— Shangazi! Unaonaje huko?

Shangazi akaibuka, grisi hadi kwenye nyusi.

— Petroli inafika. Nimetoa plagi nikaipima, haina cheche. Kuna kitu kinakata moto. Muuzaji aliiendesha mwenyewe hadi hapa Jumamosi, mimi nilikuwa nyuma natazama maji. Tangu hapo nasubiri kibali, kimetoka jana.

— Nimeelewa! — Redio akaruka. — Imelelewa hotelini. Haijawahi kuamshwa kabla ya saa nne, tena bila salamu!

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, — Breki akakubali.

Hiyo ndiyo methali pekee iliyokaa mahali pake asubuhi nzima, na Mungu ni shahidi, mzee wa watu alishuka ngazi mbili akaisalimia injini. Kwa adabu. Mvuke akampelekea shangazi kikombe bila kuagizwa. Ilishafika saa tatu na nusu.

Ndipo akaja nesi wa ng'ambo, mkoba begani, anatafuta usafiri wa kwenda zamu.

— Mbona haiondoki?

— Samaki, nesi, — Mvuke akasema.

Nesi akaiangalia boti.

— Hizi nimezipanda. Nahodha anajifunga kamba mkononi, ncha ya pili inachomekwa hapo kando ya usukani. Akitumbukia majini inachomoka, injini inazimika. Isipochomekwa haiwaki. Kamba ya hii iko wapi?

Shangazi akagusa kitundu kitupu kando ya usukani. Kisha macho yote, moja moja, yakahamia kwenye mpini wa birika.

— Mvuke, — Breki akauliza polepole, — kakupa nani?

Mvuke akatazama vidole vyake vilivyoanza kupona malengelenge. Akatazama mto. Hakunitaja.

Jumapili nilisafisha ile boti. Niliiokota kamba sakafuni nikaona takataka, nikaja kumfungia Mvuke kwa mikono yangu, kwa huruma, bila kumuuliza mwenye boti hata swali moja.

— Wakili, — shangazi akaita. — Una hoja?

Nilifungua kamba kwenye mpini, nikashuka ngazi mbili mbili.

Starta haikumaliza nye ya pili. Injini ikanguruma, maji yakaruka nyuma yakamlowesha Breki hadi kofia, naye akacheka kama aliyeoa. Shangazi akajifunga kamba mkononi, nesi akapanda, wakaondoka. Saa tatu na dakika arobaini. Kuvuka ni dakika kumi.

Tukarudi kwenye benchi. Birika lilikuwa limejaa, linachemka, na hakuna wa kulishika.

Nikavua kitambaa changu cha kichwa.

— Mvuke, naomba kuuliza. Nifunge hiki?

Breki akakamua kofia.

— Taratibu, Wakili. Una ushahidi kwamba ni chako?