Upepo wa Simbo na Fundi Bonaventura

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana yetu ya Bangwe, Mzee Bonaventura Ntibakazi, mkuu wa mafundi wa Mwambao Usafiri, anavua ovaroli. Alianza akiosha magari, akapanda hadi kuwa mtu ambaye dereva hathubutu kuwasha gari kabla ya kumpa shikamoo. Injini mbovu aliitambua ikiwa bado konani, na chai yake ya saa nne hakuna aliyewahi kuigusa.

Tungependa kuishia kwenye sifa hizo, lakini amekataa. Alikuja ofisini, akaketi, akasema kama habari ya naitrojeni haimo, basi na jina lake lisiwemo. Imo.

Mzee alirudi kutoka semina Dar es Salaam akiwa amejaa maneno ya wauzaji: tairi lililojazwa gesi ya naitrojeni badala ya upepo halipungui, halichemki, linadumu. Akaibembeleza menejimenti mpaka mashine ya kuijaza ikanunuliwa. Valvu ya kila tairi ikapewa kifuniko cha kijani na amri ikatoka: marufuku kuchanganya na upepo wa barabarani. Tulijivuna sana. Madereva wetu walitembea stendi kama marubani, na hakuna aliyejisumbua kupima tena, maana si tulishaambiwa halipungui?

Kisha Ashraf, dereva wetu, akapewa kazi ya kuleta Ujiji mwili wa Mzee Mwinshehe, aliyefariki shambani kwake upande wa Uvinza. Maziko yalipangwa baada ya swala ya alasiri. Yeye na wafiwa walipofika Simbo, njiani, tairi moja likalegea. Wakashusha la akiba, nalo limelegea vilevile, kifuniko cha kijani kikiwa mahali pake. Fundi pikipiki wa pale akaja na pampu. Ashraf akamzuia, akampigia simu Mzee Bonaventura, akaambiwa asubiri, naitrojeni inakuja. Bangwe umeme ulikuwa umekatika. Mzee akangoja urudi ili ajaze mtungi, huku watu wamesimama makaburini.

Alipofika na mtungi wake, mjane wa marehemu, Bi. Mwanamvua, alikuwa ameketi kando ya barabara. Hakupaza sauti.

"Fundi, kwani upepo wa Simbo una kosa gani?"

Mzee akainama, akajaza matairi, safari ikaendelea. Baadaye, alipouliza badala ya kusadiki tu, aliambiwa kwamba upepo wa kawaida sehemu yake kubwa ni naitrojeni hiyohiyo, kwamba kuchanganya hakudhuru kitu, na kwamba kwa magari kama yetu faida yake ni ndogo sana kuliko ya kupima tairi mara kwa mara. Mzee Mwinshehe alizikwa magharibi imeshaingia, watu wakimulika kwa simu.

Karakana nzima tuliona haya. Kwa muda mrefu tulipita Ujiji tukitazama chini. Lakini ni Mzee aliyengoja Bi. Mwanamvua atoke eda, akaenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alikaribishwa kahawa, kisha akaambiwa: "Mume wangu hakuwahi kuchelewa swala. Wewe ndiye uliyemchelewesha." Akasamehewa pia, ila Mzee anasema maneno yale ya kwanza ndiyo anayolala nayo.

Vifuniko vya kijani alivitoa kwa mkono wake. Tangu hapo hakuna gari lililotoka getini bila yeye kuinama na kipimo chake, tairi la akiba likiwemo, hata siku goti linapomuuma. Mashine imefunikwa turubai. Madereva hawaigusii mbele yake, nasi tunawashukuru kwa hilo.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tulitegemea ataje kochi au mbuzi. Ameomba gari moja, Ashraf aendeshe, wapitie Simbo, fundi yuleyule awajazie upepo wake, kisha wamfikishe kaburini kwa Mzee Mwinshehe.

Ahsante, Mzee wetu, kwa mikono yako, na kwa kutokubali tukuandike vizuri kuliko ulivyokuwa. Ustaafu kwa amani ya moyo. Gari limeshapimwa, na safari hii utafika Ujiji kabla ya alasiri.