Ukuta wa Pili wa Bado Kidogo

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa nne wa mlinzi wa geti na mkewe. Wengi mliofika leo mnamfahamu kwa jina la Bado Kidogo. Majirani ndio waliompa, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyemuuliza matengenezo ya nyumba yataisha lini.

Alisoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha sekondari hadi mwaka 1967. Somo la useremala alilipenda, lakini lenyewe halikumpenda: kiti alichotengeneza kwenye mtihani kilimwangusha msahihishaji.

Alifanya kazi ya ukarani wa vifurushi pale stesheni hadi alipostaafu mwaka 2009. Kila mwisho wa juma alivaa kaptula yenye madoa ya rangi akaikabili nyumba yake. Alipaka rangi, akaziba mabomba, akang'oa milango isiyo na kosa lolote. Habari ya kuita fundi hakutaka hata kuisikia.

Mwaka 1978 alimwoa mshonaji wa sare za shule, ambaye leo ndiye mjane. Walijaliwa mabinti wawili, nao walikua wakiruka ndoo za chokaa ukumbini.

Mwaka 1991 ukuta wa chumba cha kulala uliota ufa. Badala ya kuubomoa, marehemu alijenga mwingine mbele yake, akaacha nafasi ya shibiri moja katikati, akaziba pande zote na kupiga lipu. Alipomaliza akaitafuta nyundo yake ndogo, asiione. Ilikuwa imebaki humo ndani.

"Jamani mume wangu," mkewe alicheka, "nyundo nayo umeijengea chumba?"

Marehemu alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kupigilia msumari alibisha ukutani kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kujua palipo na uwazi. Siku alipotaka kutundika kioo cha mkewe kwenye ukuta ule mpya, alibisha kama kawaida. Kutoka ndani akajibiwa, chuma kwenye tofali. Alibisha tena, akajibiwa tena. Akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba. Hapakuwa na mtu.

"Nyundo imepata mwenyewe," alisema aliporudi, na hakuwa akitania.

"Bomoa," mkewe alimwambia. "Mimi silali na kitu nisichokijua."

"Nikibomoa si kitatoka? Kiache humo humo, mama."

Mkewe alihamia chumba cha mabinti, na mwaka hadi mwaka alimsihi wahame nyumba ile. Alijibiwa lile jibu mnalolijua. Kitu kile hakikuanza kubisha hata siku moja, kilijibu tu. Marehemu alikizoea. Akirudi kazini alibisha, akajibiwa, ndipo akavua viatu.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kushindwa. Daktari alimkataza kubeba saruji, akatii shingo upande. Mkewe alirudi chumbani kumuuguza. Mkono ulipokosa nguvu, marehemu alimwomba amsaidie kubisha, naye alibisha huku amefumba macho kwa woga. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tisa alasiri, akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Imetuuma sana.

Mabinti walikuja na gari ili wamchukue mama yao baada ya maziko, wakijua kuhama ndiko alikokulilia miaka yote hii. Jana mchana, wafiwa wakiwa wamekaa naye chumbani, ukuta ulibisha wenyewe, mara ya kwanza bila kubishiwa. Watu walitoka mbio, wengine wakaacha viatu. Mjane hakutoka. Alisogea ukutani, akabisha.

"Mama, twende zetu," binti mkubwa alimsihi akiwa mlangoni. "Hata leo hii tuondoke."

"Nendeni tu, wanangu. Nikiondoka mimi, nani atamwitikia baba yenu?"

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili na wajukuu watano. Mjane anabaki katika nyumba ile, kwa hiari yake.

Apumzike kwa amani, popote alipo.