Vumbi Alilolifuta Dada Yetu Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, kitinda mimba, heshima ya kusoma maisha ya dada yetu, na mtanisamehe sauti ikipanda, maana habari zake hazisimuliki kwa kunong'ona.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, sekondari mwaka 1975, na mwaka 1981 akaingia chuo kikuu kusomea fizikia, ingawa baba alikuwa ameshajitapa mtaa mzima kwamba binti yake anasomea udaktari.

Tarehe 2 Mei 1987 aliajiriwa kwenye kituo cha darubini, akachunguza vitovu vya galaksi, kule ambako shimo jeusi hula kwa pupa, likiwa limezungukwa na vumbi na gesi ambavyo wataalamu waliamini vimekaa kama tairi. Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na fundi umeme wa kituo hichohicho, wakajaliwa mabinti wawili, waliokua wakichorewa matairi hadi kwenye majalada ya madaftari yao.

Sasa sikilizeni! Katika picha zake kulikuwa na mchirizi wa joto uliochomoza juu na chini ya tairi, yeye akaamua ni mtikisiko wa darubini, akaandika utaratibu wa kuufuta, na kila mtafiti mpya akafundishwa kuufuta, mpaka darubini ya kituo kingine, isiyotikisika kabisa, ikaonyesha mchirizi uleule. Alinipigia simu akipiga kelele kwamba lile ni vumbi, kwamba halikutulia, linapeperushwa nje, na wenzake walipojaribu kumtetea aliwaambia aliyekosea ni yeye na hana muda wa kuona haya.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na daktari alipomweleza ukweli, aliuliza jambo moja tu, kama atafikia vipimo vipya, kwani wenzake walikuwa wakiunganisha darubini nne ili kumaliza ubishi wa kama vumbi lile limetulia au linaruka. Jumanne tarehe 7 Februari 2023 walimletea picha wodini kwenye kompyuta, mchirizi umesimama wima, dada akacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akadai naye aonyeshwe, akaonyeshwa, akaelezwa kila kitu. Alifariki Alhamisi ya wiki hiyohiyo, mumewe amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliofumbia macho kompyuta ile wodini, majirani mliolala nasi msibani, na ninyi wafanyakazi wenzake, ambao jana, kama alivyowasihi, mliufuta ule utaratibu wake.

Dada, vumbi lako umeliona likiruka. Sasa pumzika, kwa amani.