Sheria ya Kahawa Chungu

Nyuma ya soko la Kangemi, ukutani mwa duka la mbolea, kuna benchi lisilo na sukari. Mwenye benchi ni Kitavi, fundi wa viatu, ambaye watu humwita Katiba kwa sababu akishasema, limepita. Mwaka jana rafiki yake Ndegwa, dereva mstaafu wa lori anayejulikana kwa jina la Gia, aliambiwa na daktari kwamba ana kisukari, akaanzishiwa sindano za insulini. Siku hiyohiyo Katiba alisimama, nyundo mkononi, akatangaza: mwenzetu akinyimwa, sote tumenyimwa. Tangu hapo Thuo, muuza kahawa, huwamiminia chungu vilevile ilivyotoka kwenye birika, nao huinywa wakikunja nyuso kama watu waliokalishwa mbele kwenye mazishi. Katiba aliionea fahari sheria ile kuliko kiatu chochote alichowahi kushona. Hakuwa mtu wa kuzunguka. Kiatu chako kikiwa kimekufa, atakuambia kimekufa, na ukibisha atakurushia.

Ilikuwa asubuhi ya Julai, ile baridi ya kuvalia makoti mawili, Jackie alipokuja akimvuta babake, Gia, kwa mkono. Jackie alikuwa akisomea unesi. Mchana ule angesimama mbele ya mwalimu wake, Madam Tanvi, kwa mtihani wa mdomo aliokuwa ameshaanguka mara moja. Akianguka tena, angerudia mwaka.

— Sasa wazee. Nisaidieni, alisema. Ile mara ya kwanza nilikariri. Madam akaniambia, nenda uelezee watu wasiojua kitu. Wakielewa, wewe pia umeelewa.

— Umefika, alisema Kinyanjui, fundi wa mabomba, jina la benchi Bomba. Hapa hakuna mtu anajua kitu.

— Jisemee, alisema Katiba, misumari ikiwa mdomoni. Swali ni gani?

— Linganisha njia tatu za kupanga dozi ya insulini.

— Basi? Leta.

Gia aliketi, akapewa kahawa yake. Jackie akabaki amesimama, mikono nyuma, kama yuko mbele ya Madam.

— Ya kwanza ni ya Baba. Dawa ilishachanganywa, ile nyeupe kama mawingu. Anadunga asubuhi na jioni, na dozi haibadilikibadiliki.

— Hiyo ndiyo! Katiba akagonga kisigino cha kiatu. Dozi imeandikwa, dozi inadungwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe unafikiri watu wa sukari hukatwa guu kwa nini?

— Si kwa hiyo sababu, Uncle.

— Guu ni guu. Gia, hiyo dozi imewahi kukuangusha?

— Leo nimedunga mapema, alisema Gia akipangusa paji la uso. Huyu msichana alikuwa na haraka. Ati wazee mtatawanyika.

— Umesikia? Amedunga. Mtu wa sheria.

— Ya pili inaitwa sliding scale, Jackie aliendelea. Unapima damu kwanza. Sukari ikiwa juu sana, unadunga mingi. Ikiwa juu kidogo, kidogo. Ikiwa sawa, unaacha.

— Hapo sasa ni kazi yangu, alisema Bomba.

— Lakini Madam haipendi. Anasema hiyo ni kukimbiza sukari ikiwa ishapanda. Ni kama kungoja nyumba ifurike ndio ushike ndoo.

— Na ni nani aliwahi kuniita kabla nyumba ifurike? Mimi nimesomesha watoto na mafuriko. Mwambie huyo Madam dawa ya moto ni moto. Tena mwambie kitu hawafundishi huko. Binadamu ako na valvu, nyuma ya goti. Sukari hukwama hapo. Dunga goti, robo dozi inatosha.

— Insulini hudungwa tumboni, Uncle.

— Tumbo ni tangi. Nani hutengeneza tangi na valvu ndio imeharibika?

Kichwa cha Gia kiliyumba mbele. Kikombe nacho kikatikisika, kahawa ikamwagikia suruali.

— Ona, alisema Bomba. Hata mgonjwa anakubali.

Jackie alivuta pumzi. Njia ya tatu ndiyo iliyokuwa imemwangusha.

— Ya tatu ni dawa mbili. Moja ni ya pole pole, inafanya kazi mchana na usiku kama askari wa geti. Ya pili ni ya haraka, unadunga ukikaribia kula, kulingana na sahani yako. Kama huli, hiyo ya chakula huidungi.

— Kwa siku ni sindano ngapi hizo? aliuliza Katiba.

— Kama nne.

— Nne! Hiyo si dawa, hiyo ni cherehani.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Bomba.

— Kibaba cha nini? Cha sindano?

Thuo, ambaye alikuwa akipuliza makaa, akainua kichwa.

— Mimi nikikata nyasi kule Kitisuru, kwa Mama Prabha, kulikuwa na mbwa wa sukari.

— Mbwa anadungwa insulini? aliuliza Bomba.

— Asubuhi na jioni. Lakini anakula kwanza. Siku akinusa chakula ageuke, Mama hamdungi, anapigia daktari wa mbwa simu.

— Kwa hivyo sasa Gia ni mbwa, alisema Katiba.

— Si swali ni kulinganisha? Mimi nalinganisha. Na kitu niligundua pale ni hii: dozi iko kwa mkia. Mkia ukisimama, ongeza. Ukilala, punguza.

— Gia ako na mkia? aliuliza Bomba.

— Hapo ndio utafiti ulifika.

— Toa mbwa kwa mtihani wa mtoto! Katiba alinguruma, akatema misumari kiganjani ili apate nafasi ya kutosha kukasirika.

Gia alimgeukia Bomba. — Makanga, alisema taratibu, nishukishe hapo mbele.

Walicheka, Bomba akapiga mluzi kama makanga wa matatu anayesimamisha gari kituoni. Katiba pia alicheka, lakini aliona kola ya Gia imelowa, kwenye baridi ile. Akajiambia ni kahawa moto. Alikuwa anashinda ule mjadala, na mtu hauachi mjadala anaoshinda kwa sababu ya jasho la mwingine.

— Sikilizeni niwamalizie, alisema. Sukari huanza kula nini? Mguu. Basi mguu ndio shahidi. Dozi ifuate namba ya kiatu. Mwenye tisa, tisa. Mwenye sita, sita. Na hata sihitaji maabara, namba za wazee wa hii Kangemi yote ziko kwa kichwa yangu.

— Na mtu wa kandambili? aliuliza Thuo.

— Huyo ni nusu dozi.

Jackie alikuwa akijaribu kupanga namna ya kuwaeleza kwamba dozi ya namba ya kiatu inaweza kuua mtu, ndipo Mbithe alipovuka kutoka ng'ambo ya soko, unga mikononi mpaka kwenye viwiko. Mbithe huuza chapati na ndengu, na kila asubuhi Gia huwa mteja wake wa kwanza. Alisimama mbele ya benchi, mikono kiunoni, sauti ya mke aliyesikia mambo.

— Gia. Chapo zako nimefunika mpaka zimepoa. Leo umekula kwa nani?

Katiba alimtazama Bomba. Bomba alimtazama Thuo. Thuo alitazama birika. Wote walijua Gia amedunga dozi gani, saa gani, kwa njia ipi, na kasoro zake.

— Baba? alisema Jackie. Baba, umekula?

— Nishukishe, alisema Gia, na kikombe kikamponyoka.

Jackie alimdaka bega, akamkalisha wima. — Imeshuka! Nipeni sukari, haraka!

— Sukari? alisema Bomba. Mgonjwa wa sukari?

— Ya damu imeshuka chini mno, Uncle! Amedunga na hajakula. Anaweza kuzima!

— Hapa hakuna, alisema Bomba. Kuna sheria.

Mbithe alikuwa ameshaanza kukimbia, lakini kibanda chake kilikuwa mbali, na soko limejaa. Katiba alibaki ameshika nyundo. Chini ya mguu wake wa kulia ulikuwepo mkebe wa misumari, ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Angeweza kumngoja Mbithe. Hakuna ambaye angejua. Alimtazama Gia, midomo ikitetemeka kama ya mtoto aliyetolewa majini, akaurusha mfuniko, akachimba kwa vidole, akatoa chini ya misumari karatasi ya plastiki yenye sukari, imefungwa fundo.

— Shika, alisema.

Kisha Bomba akafungua begi lake la spana, akatoa kiganja cha vijipakiti vya hoteli moja ya mjini alikotengeneza choo. Kisha Thuo akainama, akavuta kilo nzima kutoka chini ya jiko.

— Hata wewe, Bomba? alisema Katiba, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Naweka sheria, nyinyi mnaivunja? Wezi!

— Katiba, mkebe wako bado uko wazi, alisema Bomba.

Jackie alikuwa ameshakoroga kahawa iliyopoa, sukari tele, akimnywesha babake funda kwa funda. Akamdunga kidole, akapima damu kwa kimashine cha sukari kilichokuwa mfukoni mwa koti la Gia: mbili nukta sita, na chini ya nne ni hatari. Walingoja kama robo saa. Hakuna aliyekuwa na nadharia. Alipompima tena ilikuwa imepita nne, na rangi ilikuwa inarudi usoni. Mbithe alifika akihema, glasi ya sukari mkono mmoja, sahani mkono wa pili, akampa ile sahani na kusimama juu yake mpaka akaanza kutafuna.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Bomba, akirudisha vijipakiti kwenye begi.

Jackie alifuta macho kwa kiganja, akachukua begi lake.

— Mtihani nitauanza na swali la Mbithe, alisema. Zile njia tatu zitafuata.

— Na ile ya namba ya kiatu? aliuliza Katiba kwa sauti ndogo.

— Hiyo, Uncle, tuizike hapa hapa.

Gia alimeza chapati. Alilamba midomo, akailamba tena. Aliangalia mkebe wa Katiba, akaangalia begi la Bomba, akaangalia kilo ya Thuo, halafu akainua kile kikombe akakichungulia ndani.

— Niulize kitu, alisema. Tangu mwaka jana. Kwani hii kitu chungu nimekuwa nikikunywa peke yangu?

Thuo alitikisa birika akatangaza kahawa imeisha, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba. Bomba alikumbuka nyumba fulani iliyofurika. Katiba akachota misumari kutoka kwenye mkebe, akaijaza mdomoni mpaka mashavu yakafura, kwa sababu mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kuulizwa kitu.